Leso ya Buluu Kutoka Kurume

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu kidogo ambacho ukikikunja hakizidi kiganja cha mkono. Ni leso. Wengine mnaiita hanchifu, wengine kitambaa cha mkono. Lakini leso ninayotaka kuieleza si ile ya kununua tatu kwa pamoja pale stendi. Ni ya pamba inayofumwa huko Japani, katika kisiwa cha kusini kiitwacho Kyushu, kwenye mji wa Kurume na vijiji vya jirani. Kitambaa chake huitwa Kurume kasuri. Ni cha buluu iliyoiva sana, chenye madoa meupe madogo ambayo kingo zake zimefifia kidogo, kana kwamba mtu amedondosha maziwa juu ya nguo ikiwa bado mbichi.

Mtaniuliza, muuguzi na vitambaa vya Japani ni wapi na wapi? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni mwanamke aliyekianzisha kitambaa hiki, ambaye habari zake zinastahili kujulikana na kila mama anayelea watoto kwa jasho lake. Ya pili ni jinsi Wajapani wanavyoitumia leso, jambo linalohusu afya ya familia zetu moja kwa moja.

Mtoto aliyefumua nguo kuukuu

Mwanamke huyo aliitwa Inoue Den. Alizaliwa Kurume mwaka 1788, binti wa mfanyabiashara wa mchele. Kama ilivyokuwa kawaida kwa wasichana wa wakati ule, alianza kufundishwa kufuma angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 au 13 hivi, alitazama nguo moja kuukuu iliyochujuka na kuona vidoa vyeupe vimetokea humo. Mtu mwingine angesema nguo imekwisha, itafutiwe kazi ya kudekia. Den aliifumua uzi kwa uzi ili aone weupe ule umekaaje ndani ya uzi wenyewe. Alipokwisha kuona, alichukua nyuzi nyeupe, akazifunga sehemu sehemu kwa uzi mwingine, akazitia katika rangi ya nili, akazifungua, kisha akazifuma. Pale palipofungwa rangi haikuingia. Kitambaa kilipotoka kilikuwa na madoa meupe yaliyotawanyika kama mvua ya mawe.

Hapa akina mama mnaotengeneza batiki mtanielewa upesi. Ninyi mnachukua kitambaa kilichokwisha kufumwa, mnakifunga kwa kamba au kukitia nta, ndipo mnakizamisha katika rangi. Katika kasuri kinachofungwa ni uzi, kabla kitambaa hakijakuwapo. Kwa hiyo mfumaji hana budi kujua tangu mwanzo kwamba doa hili kwenye uzi huu, baada ya kufumwa, litaangukia mahali fulani kwenye nguo. Akikosea kidogo katika kupima, ua linakuwa si ua tena. Na kwa kuwa uzi ni uzi, haukosi kusogea kidogo unapovutwa, ndiyo maana kingo za madoa zinafifia. Fundi hauoni ufifu huo kuwa kasoro. Ndio uzuri wenyewe wa kasuri.

Den aliolewa, akajaliwa watoto watatu. Mumewe akafariki dunia yeye akiwa bado hajatimiza miaka 30. Basi akabaki na watoto na kitanda chake cha kufumia. Kwa wakati ule wa Japani ya zamani, mjane wa mji mdogo hakuwa na mahali pengi pa kushika. Alifuma, akauza, akalea. Lakini jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hakuuficha ujuzi wake. Wasichana na wanawake walikuja kwake kujifunza, naye akawafundisha. Inasimuliwa kuwa wanafunzi wake walifikia kama elfu moja, na mamia kati yao wakaenda kuanzisha kazi zao wenyewe. Alifariki mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 80 hivi, na kufikia hapo kitambaa kilichotoka katika mikono ya mtoto mmoja kilikuwa kinalisha nyumba nyingi za wilaya nzima.

Nitasema la moyoni. Katika vikundi vyetu vya akina mama nimemwona anayejua kutengeneza sabuni ya maji akipima dawa zake mlango ukiwa umefungwa, na anayejua kuoka keki akitaja viungo vyote isipokuwa kimoja. Tunaogopa kwamba mwenzetu akijua atatunyang'anya wateja. Lakini kama Den angefunga mlango wake, kasuri ingekufa naye mwaka ule ule, na jina lake lisingejulikana hata na wajukuu zake.

Yeye mwenyewe pia alikubali kusaidiwa. Alitamani kufuma picha, si madoa tu, na hesabu zake zilikuwa ngumu. Aliyemsaidia alikuwa kijana wa mji huo huo, mtoto wa fundi wa vitu vya gamba la kasa, aitwaye Tanaka Hisashige. Kijana huyo alizaliwa mwaka 1799, hivyo alikuwa mdogo kwa Den kwa miaka zaidi ya kumi, akiwa bado kwenye umri ambao sisi tungemwambia akachote maji. Den hakudharau. Kijana akabuni njia ya kupata picha katika kitambaa. Baadaye alisifika nchi nzima kwa kutengeneza wanasesere wanaojiendesha na saa za ajabu, na karakana aliyoifungua Tokyo mwaka 1875 ndiyo asili ya kampuni ya Toshiba, jina ambalo wengi wetu tumelisoma kwenye redio na televisheni.

Kazi iliyomo ndani ya kipande kimoja

Kuna hatua zaidi ya 30 kabla uzi haujawa kitambaa. Sitazitaja zote. Kwanza mchoro hupangwa na kuhesabiwa. Nyuzi za pamba huchemshwa zitoke mafuta na uchafu, kisha hufungwa vifurushi, na kila kifurushi kikazungushiwa nyuzi ngumu za gome la mmea wa jamii ya katani pale panapotakiwa kubaki peupe. Katika kazi nzuri kabisa zinafungwa nyuzi za mtande na za mshindio pia, ili doa la wima na doa la mlalo vikutane mahali pamoja. Hapo ndipo weupe unapong'aa kweli kweli. Ukiikaribia leso utaona kuna madoa meupe kabisa na mengine ya buluu hafifu. Yale hafifu ni mahali ambapo uzi mmoja mweupe umekutana na mwenzake wa buluu.

Halafu kuna nili. Msidhani ni unga unaokorogwa ndani ya ndoo na kazi imekwisha. Majani ya mnili wa Kijapani hukaushwa na kuvundikwa kwa wiki nyingi hadi yawe kama mboji. Mboji hiyo hutiwa katika pipa lililozikwa ardhini pamoja na maji ya majivu, chokaa na vitu vya kulisha chachu kama pumba za ngano, ikaachwa ichachuke. Pipa hilo lina uhai. Likipoa mno linalala, likilishwa vibaya linaharibika. Fundi hulinusa, hulionja kwa ulimi, na hutazama povu lake asubuhi kama sisi tunavyotazama ulimi wa mtoto aliyeamka na homa. Uzi unapotolewa humo hautoki na buluu. Hutoka na rangi ya kijani iliyochafuka, kisha ukipigwa na hewa hubadilika mbele ya macho yako hadi kuwa buluu. Huzamishwa, hukamuliwa, hupigwa chini ili hewa iingie mpaka ndani, na kuzamishwa tena, mara nyingi, mpaka buluu ikomae.

Kitambaa kinachotoka ni chembamba, upana wake hauzidi sana sentimita 38, kwa sababu hupimwa kwa kushona kimono. Ndiyo maana leso nyingi za kasuri zina ukubwa huo huo. Unakatwa mraba kufuata upana wa kitambaa, hakuna kinachotupwa.

Jina zuri huvuta tamaa, na kasuri haikusalimika. Mwaka 1877 kulikuwa na vita vya ndani huko Kyushu. Askari waliotoka mikoa mingine walinunua kitambaa hiki kuwapelekea watu wao, na soko likapanuka ghafla. Wapo waliokimbilia faida wakaanza kutumia rangi hafifu, nguo zikachujuka zilipofuliwa, na sifa ya Kurume ikaingia doa. Ikabidi wenye karakana wajipange na kukaguana. Mwaka 1957 serikali ya Japani iliutambua ufumaji huu kuwa urithi muhimu wa utamaduni, na masharti yake ni makali: nyuzi zifungwe kwa mkono, rangi iwe nili ya asili, na kitambaa kifumwe kwa kitanda kinachorushwa uzi kwa mkono. Kitambaa cha namna hiyo ni ghali, hutakikuta kimekatwa leso za kugawa. Leso nyingi zinazouzwa hutokana na karakana zinazotumia mashine za zamani za kufumia, ambazo huenda polepole, na rangi za kiwandani. Hizo nazo ni kasuri halali maadamu uzi ulifungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa.

Ukitaka kujua kama uliyopewa ni ya kufumwa au ni kitambaa kilichochapwa tu, igeuze. Ni kama kikoi chetu: mistari imo ndani ya uzi, mbele na nyuma ni sawa. Iliyochapwa upande mmoja, mgongo wake umepauka.

Neno "leso" lenyewe

Hapa nichepuke kidogo. Dada zetu wa Mombasa wakisema leso mara nyingi wana maana ya kanga. Hawakosei. Neno hilo lilitoka kwa Wareno, ambao kwao maana yake ni kitambaa cha mkono au cha kichwa. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 akina mama wa pwani walinunua leso zilizochapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi la kujifunga. Kanga ikazaliwa kutokana na hanchifu. Na kabla ya viwanda vya kwetu kuanza kuchapa, kanga nyingi zilitoka ng'ambo: India, Ulaya, na Japani pia. Bibi zetu walivaa pamba ya Kijapani bila kuulizana.

Leso si ya pua

Sasa nije kwenye jambo la afya. Leso yangu ya kasuri nilipewa na muuguzi Mjapani aliyekuja kujitolea na kufanya kazi nasi wodini kwa muda. Wakati fulani mwenzetu mmoja aliyebanwa na mafua alimwomba ile aliyokuwa nayo apengee. Yule mgeni akacheka kwa heshima, akatoa mfuko wa pili karatasi laini na kumpa. "Dada," akasema, "ile ya kitambaa ni ya mikono."

Huo ndio utaratibu wao. Kamasi ni la karatasi, na karatasi hutupwa. Leso ni ya kukausha mikono iliyonawishwa, na ya kufuta jasho. Kupenga kwenye kitambaa, kukikunja na kukirudisha mfukoni kwao ni jambo la kuchukiza, na mimi kama muuguzi nawaunga mkono kabisa. Kitambaa kilichopengwa kikakaa mfukoni, kwenye joto na unyevu, kisha mama huyo huyo akakitoa kumfutia mtoto mdomo! Tumefanya hivyo vizazi na vizazi, lakini umri wa desturi hauui kijidudu.

Huko Japani vyoo vingi vya umma havina taulo wala karatasi za kukaushia mikono. Kila mtu hutembea na chake. Watoto wa shule za msingi hukumbushwa kwenda shule na leso safi pamoja na karatasi za pua, na shule nyingine mwalimu hukagua kama tulivyokuwa tunakaguliwa kucha. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, majengo mengi yalizima zile mashine za kupuliza mikono, na leso ya mfukoni ikawa na kazi zaidi. Wengine walizigeuza barakoa.

Kwa nini kukausha ni muhimu? Kwa sababu mikono iliyolowa huchukua na kupitisha vijidudu kwa urahisi kuliko mikono mikavu. Mtoto akinawa vizuri kwa sabuni halafu akajifutia kaptula aliyoichezea chini, au taulo moja inayoning'inia mlangoni na kutumiwa na nyumba nzima, nusu ya kazi ya sabuni imepotea. Taulo hilo la pamoja ndilo nalolipiga vita kila ninapopata nafasi. Ugonjwa wa macho wa vikope, yaani trakoma, hupita kwa mikono, kwa nzi, na kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wawili. Japani nayo iliwahi kusumbuliwa sana na ugonjwa huo hadi ikatungwa sheria maalumu ya kuuzuia mwaka 1919. Kwa hiyo, mama, usiinue ncha ya kanga yako kumfuta macho mtoto wa mwenye macho mekundu kisha ukamgeukia wako. Kila mtoto na kitambaa chake, kiwe na alama au rangi yake.

Wala haihitaji kuwa kasuri. Kipande cha pamba cha kawaida kinachonyonya maji kinatosha. Nailoni haifai, haikaushi. Wajapani wana kitambaa kingine cha zamani kinachoitwa tenugui, upana wake kama sentimita 35 na urefu 90, nacho hakipindwi kwenye ncha zake mbili. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani mshonaji alikuwa na haraka, kumbe kimeachwa hivyo makusudi. Pindo huhifadhi maji na uchafu, ncha iliyo wazi hukauka upesi. Tena, mtu akiumia njiani, kitambaa kisicho na pindo kinachanika kwa urahisi kupata bandeji. Mwanamke yeyote aliyewahi kuhangaika na meno kuchana shuka ili kufunga jeraha ataelewa akili iliyomo humo.

Leso ya mikono ibadilishwe kila siku. Kwa mtoto anayecheza sana mpe mbili. Iliyolowa isikunjwe kurudi mfukoni siku nzima. Kama ni ya pamba nyeupe, ichemshe, ianike juani, ipige pasi.

Kwa ile ya nili masharti ni tofauti kidogo. Mara za kwanza itatoa rangi, kwa hiyo usiichanganye na mashati ya shule ya watoto, utalia. Ifue peke yake, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana dawa hiyo huila nili. Usiiloweke usiku kucha. Ianike kivulini penye upepo, ikikaribia kukauka ipige pasi kwa ndani. Baada ya miezi michache itaacha kutoa rangi, na hapo utashangaa: buluu inakuwa safi zaidi, na kitambaa chenyewe kinalainika.

Wala wao hawaitupi ikichakaa. Tenugui iliyolainika kwa kufuliwa ilikuwa ikikatwa nepi za mtoto mchanga, na ngozi ya mtoto haikulalamika. Ikichakaa zaidi hukunjwa na kushonwa pamoja na nyingine kuwa tambara la kupigia deki. Hata leo watoto wa shule za Japani hupeleka tambara la kushona nyumbani, na wakati wa usafi huinama na kusukuma matambara hayo kwenye sakafu ya darasa, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.